Usiachie Mpaka Nikuambie

...na kuku yule mwekundu ametaga tena juu ya kiti cha Zlatina, kiti cha nyuma cha jipu kile kile alichokuwa akikalia kila asubuhi kushuka shule bondeni, sasa kimetupwa kando ya banda, sponji nje, mavi juu, naye anakiona vizuri kupitia kioo cha mbele, amekaa kwenye jipu lililoinuliwa kama mbuzi aliyesimama mwambani, "Kanyaga!" Yasen kaka yake anapiga kelele toka chini ya gari, anakanyaga breki, "Shikilia!" anashikilia, pedali inazama kama kidole kwenye unga uliokandwa, anauchukia hata ulaini huo, anasikia mafuta ya breki yakitema kikoponi upepo wanaoutoa, harufu yake imemkaa kooni, "Haya, achia!"... wiki mbili tu, Yasen alisema, theluji ilikuwa bado mlimani na basi la kijiji limeshafutwa, tunatoa viti, tunafunga springi ndefu, halafu nakurudisha shule kama bibi harusi, kisha wakakata madigadi kwa grainda ili matairi makubwa yaingie, kisha winchi, kisha Rumen rafiki yake, huyu hapa, ameegemea mlango anatema maganda ya alizeti, ganda moja limemganda kidevuni, jamani, hata halihisi? "We bibi shule, umesinzia? Hiyo ni breki, si kitabu," na Yasen anacheka huko chini, "Mwache bwana, ndiye fundi wangu wa mguu," fundi wa mguu!... kila Jumapili wanakwenda kuvuruga kijito kwa magurudumu, wanarudi na tope hadi menoni, wanalisifia tope, na nguo anafua nani... "Kanyaga!"... na mama huyo anatoka, ana jagi la shaba, la nini, si lile... ndilo, lile alilokuwa akimmwagia maji langoni siku ya kufungua shule, mambo yako yateleze kama maji, mwanangu, na leo anayamwaga mbele ya jipu, "Mwende salama kwenye mashindano, wanangu," anatabasamu, hamtazami aliyeko ndani, shule imefunguliwa juzi na jagi halikutoka kabatini... maji yamezunguka tairi, yamepita chini ya lango, yanateremka barabara ile ile anayoshukia mzee Metodi na gari lake la mkate kila asubuhi akishagawa, mzee ambaye ameshamwuliza zaidi ya mara moja, binti, kiti changu cha mbele ni kitupu, wewe unamsubiri nani?... unamsubiri nani... pedali imekuwa ngumu, haizami tena, "Hapo hapo!" anasema Yasen, "usiachie mpaka nikuambie," naye haachii, mguu uko pale pale juu ya breki, mguu tu, mwenyewe ameshateremka na maji.