Siku ya Pili Bila Gongo

Efrazia, muuza gongo, anasema Waitara alipigwa na upepo wa duara. Kwamba alikuwa kajikalia juu ya kiroba cha mawe pale machimboni Nyakunguru, mzima kabisa, mara upepo ukatoka kwenye lile shimo walimofukiwa wachimbaji, ukambwaga chini, akatetemeka na kutoa povu kama ng'ombe aliyekula sumu. "Na siku mbili hakugusa hata tone!" akaongeza huku akijipiga kifua. "Sasa watasema ni gongo yangu?"

Kifua anacho. Lakini povu lilipotoka, huyo huyo Efrazia alikimbia kainua gauni, eti kifafa kinaambukiza. Aliyemlaza Waitara ubavu na kuondoa mawe karibu na kichwa chake alikuwa Robi, mkewe, peke yake.

Robi aliishia darasa la saba, lakini macho hayana darasa. Kwao Waitara hakuna aliyewahi kuanguka kifafa. Yeye kanywa kila siku miaka kumi na miwili ndipo akaanza, na mara zote tatu kaanguka siku ya pili baada ya kukosa pombe. Kwanza mikono hucheza, kisha jasho, kisha chini. Nesi alishaeleza: ubongo uliozoea pombe, ukinyimwa ghafla, huchafuka, aache, ila aachie hospitali, kwa dawa. Shida ni kwamba alipoulizwa anakunywa kiasi gani, mwanamume mzima alijibu, "Kidogo tu, siku za sherehe." Sherehe! Labda Efrazia alikuwa anaolewa kila kukicha.

Jioni Efrazia akaja na kikombe kakifunika kwa kanga. "Shemeji azimue kidogo, atatulia. Kesho ashuke duarani, akachimbe."

"Kumbe upepo nao unazimuliwa kwa gongo, dada Efrazia?"

Efrazia akasonya, akatoka na kikombe chake.

Waitara alikuwa kitandani, ulimi umevimba kwa kujing'ata, vidole vikicheza juu ya blanketi. Kesho zamu yake ni kushuka shimoni mita arobaini kwa kamba. Akianguka humo, hatapata hata wa kulikimbia povu lake.

"Baba Nashoni," Robi alisema, "bodaboda iko nje. Twende hospitali sasa hivi, ukaseme kweli. Kila siku, miaka kumi na miwili. Utasema?"

Waitara alikuwa anatazama mlango aliotokea Efrazia na kikombe chake.