Viraka vya Marlys

Katika yadi elfu moja, upepo huisukuma risasi kushoto au kulia, na mkono mbovu huitupa popote. Lakini risasi inayoshuka chini moja kwa moja, siku ambayo bendera zimelala, hiyo imepunjwa baruti. Sisi walengaji wa Montana tunalijua hilo kama tunavyowajua ng'ombe wetu, kwa hiyo msinitafutie visingizio. Nilijua. Nilijua miaka mitatu na nikafyata ulimi.

Sijaona mtu anayejaza risasi kama Orval Tveit. Aliyachambua maganda yake kwa uzito, akapima baruti kwenye mizani, na chembe ya mwisho aliiongeza kwa kibano, huku amebana pumzi. Bintiye Marlys alirithi macho yake na utulivu wake wote, ila meza ya kujazia risasi hakuruhusiwa kuigusa. "Meza ina bwana mmoja," Orval alisema. Risasi za binti alizijaza yeye mwenyewe, na Marlys akazipiga bila swali. Nani amshuku baba yake? Na mimi, Leland Fossum, ndiye niliyempakata Marlys siku alipobatizwa. Aliniita Anko.

Septemba ile ilikuwa imebaki nafasi moja katika timu ya jimbo. Marlys alikuwa akiitafuta tangu ana miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na thelathini na minne, bado analisha ndama wa baba yake, na kila mwaka nafasi ilimponyoka kwa risasi mbili tu. Na mimi niliitaka. Nina miaka sitini na minane, jicho la kulia limeanza kuingia ukungu, na sikuwa na Septemba nyingine ya kungojea.

Kwetu, nusu ya watu hupiga na nusu hukaa mtaroni, chini ya shabaha. Risasi ikipita tunaishusha fremu ya shabaha, tunabandika kiraka juu ya tundu, tunaipandisha tena. Mpigaji huonyeshwa pointi zake tu. Picha nzima huiona yule aliye mtaroni. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa chini ya shabaha ya Marlys, zamu yangu nimekwisha kuimaliza kwa pointi mia moja tisini na tano kati ya mia mbili. Alipiga ishirini. Kumi na nane zilikaa katikati kabisa. Mbili zikashuka futi mbili, wima. Jumla, mia moja tisini na nne. Nilibandika kiraka cha mwisho huku napiga mluzi.

Orval alimsubiri mlangoni mwa kibanda cha klabu, sahani ya pai ya cheri mkononi. "Kumi na nane safi, halafu unaniaibisha mara mbili! Moyo wa kuku huo, binti. Ukikaribia ushindi unataga." Watu wakacheka. Nami nikacheka, tena kwa sauti.

Kosa langu ni kwamba sikuichoma karatasi ya shabaha yake. Kila mwaka niliichana na kuitia motoni kabla hajafika mtaroni, lakini siku ile furaha ya pointi moja ilinilevya, nikaiacha kwenye fremu. Marlys akaenda kuichukua. Alivibandua viraka vyote kwa kisu kidogo, kimoja kimoja. Alipoingia kibandani alikuwa ameikunja karatasi ile kwapani, na uso wake haukuwa na rangi.

Alizitoa risasi nane zilizombakia, akaazima mizani ya klabu na nyundo ya kung'olea vichwa vya risasi. Alizigonga moja moja na kumwaga baruti kwenye kisahani. Sita zililingana hadi chembe. Mbili zilikuwa pungufu, kwa kiasi cha mbegu chache za ufuta.

"Baba, hii ni nini?"

Orval alimeza pai yake kwanza. "Mbili katika nane? Mimi huweka moja katika kumi. Uzee huu! Hata kuhesabu kumenishinda."

"Kwa nini?"

"Ungeondoka. Leo timu, kesho Texas, keshokutwa unanitumia kadi ya Krismasi kama mama yako. Ng'ombe atalisha nani, Anko wako huyu?"

Mtu mmoja nyuma alianza kucheka, akanyamaza. Marlys akanigeukia mimi.

"Anko, umekaa chini ya shabaha yangu miaka mitatu. Hukuona?"

"Mtaroni kuna vumbi, mama. Mtu anaona viraka tu."

Akaikunjua karatasi mezani mbele yangu. "Anko."

"Niliona."

"Na nafasi ni ya nani?"

"Kanuni ni kanuni. Risasi uliyokuja nayo ni yako. Mimi nina pointi moja zaidi."

Alitikisa kichwa polepole, kana kwamba nimemwambia bei ya nyasi. "Nilidhani nina ugonjwa," alisema. "Nilikwenda kwa daktari wa moyo kule Billings. Wakanifunga nyaya kifuani. Ulinipeleka wewe, Anko. Maili mia na ishirini, na njia nzima uliniambia nipunguze kahawa."

Ni kweli. Nilimwambia hivyo. Wakati wanampima nilikaa nje nikisoma gazeti la matrekta, na nilikuwa na njaa, hilo ndilo ninalolikumbuka. Naona aibu? Naona, asubuhi hasa. Lakini nafasi sikuirudisha, na hakuna aliyeniambia niirudishe.

Marlys aliiacha bunduki mezani, akapanda gari lake na hakupita hata nyumbani kuchukua nguo. Mpaka leo hajatuma kadi.

Timu iliondoka Jumatatu iliyofuata. Nahodha wetu ni Orval, na desturi ya timu ni kwamba wote hupiga risasi zilizojazwa na mkono mmoja, wa nahodha. Alinikuta kwenye maegesho na kasha la risasi mia moja, kila moja imesimama kwenye tundu lake, zinang'aa. Alikuwa amechoka, kulisha ng'ombe peke yake si mchezo.

"Ungesema mapema, Leland," aliniambia kwa upole, "ningeacha, na Marlys asingejua kamwe. Ungesema siku ile kwamba nafasi ni yake, asingeondoka vile. Umenikosesha binti mara mbili." Kisha akanipa lile kasha. "Nimezipima mwenyewe. Zote."

Wenzetu walikuwa wanatutazama wakitabasamu. Nikalipokea kwa mikono miwili, nikamwambia asante.