Jibini la Febronia

Wissa alikuwa ameziba mfereji wa kaka yake Bakhum, na sasa Bakhum na wanawe walikuwa njiani na fimbo. Febronia, mkewe Wissa, alikumbuka alichosikia kanisani: Abigaili hakumngoja mumewe Nabali ampe ruhusa, alimpelekea Daudi mikate alipokuwa akija na upanga, damu isimwagike. Naye akafunga mikate na jibini kitambaani, akawahi kuwakuta kwenye mitende.

"Shemeji, tupishe," alisema Bakhum.

"Kuleni kwanza."

Bakhum alifungua kitambaa, akatoa macho. "Jibini? Katikati ya mfungo wa Bikira Maria? Unataka kunipeleka motoni?"

Febronia alishika mdomo. Kwa haraka zake alikuwa amesahau kabisa kwamba ni mfungo, na kwamba maziwa na jibini ni mwiko. Vijana wakaangua kicheko, naye akapandwa na hasira.

"Mcheke tu! Jibini mnaliogopa, damu ya Wissa hamuiogopi?"

Kicheko kilikatika. Bakhum aliegemeza fimbo yake kwenye mtende.

"Na maji yangu je?" aliuliza, sauti imeshuka.

"Mfereji nitauzibua mimi, sasa hivi. Wissa akifoka, atanifokea mimi."

Bakhum alimrudishia jibini, akawagawia wanawe mikate mitupu, wakageuka kurudi nyumbani wakitafuna.