Siku Tuliyomhamisha Bibi

Bibi lilikuwa jina la diski yetu ya zamani, na asubuhi ile alikuwa amejaa hadi kooni. Mimi na wifi yangu tulimwita hivyo kwa sababu alichelewa kuamka, alilalamika akiguswa, na hakusahau kitu. Diski zetu zote tunazipa majina ya ukoo. Ile ndogo ya picha za pasipoti inaitwa Kitindamimba.

Kazi yetu ni kupiga video za harusi. Lakini kwa mwaka mzima, katikati ya keki na shela za watu, tulikuwa tukiiba muda kutengeneza filamu yetu wenyewe, ya timu ya mpira ya wanawake washonaji wa mtaa wa nyuma. Hakuna aliyetutuma. Sasa mwenye ukumbi wa sinema alikuwa ametupa nafasi jioni hiyo hiyo. Alitwambia kwa upole wa mtu asiyetania kwamba filamu isipofika ataonyesha mieleka, na tusirudi tena kumwomba. Washonaji walikwisha kualikwa. Golikipa wao alifunga cherehani tangu asubuhi akaenda kusukwa.

Filamu yenyewe ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kompyuta kuifunga iwe faili moja, na Bibi hakuwa na nafasi ya kuweka hata punje. Tena alikuwa ameanza kukwaruza, kama mtu anayekuna ukoko kwa kijiko. Ndiyo maana tulinunua diski mpya, nyembamba, inang'aa kama kiatu cha bwana harusi, tukaamua kuhamisha kila kitu.

Kaka yangu, mume wa wifi, ni fundi wa kuchomelea mageti, na karakana yake imepakana na chumba chetu. Akiwasha mashine yake, taa zetu hukonyeza. Wifi alimfuata akamwambia mashine ipumzike mpaka tumalize. Kaka akauliza amweleze nini mwenye geti. Akajibiwa aseme nyumbani kuna mgonjwa mahututi.

Tukachomeka waya, na mstari wa kijani ukaanza kutambaa kwenye kioo. Sijui kama kuna mechi niliyowahi kuitazama hivyo. Majina ya faili yalipita mbio, nasi tukawa tunayasalimu kama wageni wanaoshuka kwenye basi: huyu bwana harusi aliyezimia kabla ya kiapo, hawa mashemeji waliogombea kipaza sauti, ile keki iliyolala kifudifudi. Bibi alikwaruza, akanyamaza, akakwaruza tena. Kila akinyamaza, wifi alinifinya mkono.

Kaka alichungulia dirishani, kofia yake ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso.

"Mgonjwa vipi?"

"Anapumua," wifi akamjibu bila kugeuka. "Wewe tu usimwashie moto."

Mstari ulipofika mwisho wifi alipiga kigelegele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Bibi tulimchomoa, tukamzungushia taulo, tukamlaza kwenye droo na shukrani zetu. Diski mpya nikaipa jina la Malkia. Wifi alisema mtoto wa leo hapewi cheo kabla hajafanya kazi, lakini kiherehere changu kilikuwa kimeshaliandika kwenye kompyuta.

Nikafungua filamu. Nyekundu tupu. Kila kipande, uwanja, mabao, mazoezi, kilikuwa kimegeuka kibandiko chekundu kilichoandikwa kwamba faili halipo. Nikamtoa Bibi kwenye taulo nikamchomeka. Akagonga mara mbili ndani kwa ndani, kisha kimya. Nikamchomeka upande mwingine. Kimya.

Safari hii kaka aliingia mwenyewe, hakuuliza habari za mgonjwa. Alisema taratibu kwamba labda mwenye ukumbi angekubali siku nyingine. Sote watatu tulijua asingekubali.

Wifi akavuta kiti. Alinitaka nifungue kipande kimoja peke yake, nje ya filamu. Nikafungua, na golikipa akatokea, akatemea glavu zake mate, akacheka. Nikafungua cha pili: mazoezi, kila mtu yupo. Kwa hiyo vipande vilikuwa nyumbani, salama salimini, ila filamu ilikuwa haivioni. Tukarudi kwenye ule wekundu, tukasoma mstari mdogo wa chini ambao jicho huuruka. Ulitaja mahali ambapo kila kipande kilitafutwa. Kila mstari ulianza na neno lile lile.

"Inamwita Bibi," nikasema.

"Na wewe umemkalisha Malkia sebuleni," wifi akasema. "Hapa nani anamjua Malkia, wifi yangu? Mrudishie jina la watu."

Nikafuta Malkia, nikaandika Bibi, nikaifunga filamu na kuifungua upya. Kibandiko cha kwanza kikazimika. Cha pili. Halafu wekundu wote ukakunjwa kama jamvi, na uwanja ukarudi na vumbi lake. Kaka aliipiga kofia yake ngumi akaumia, akacheka huku anapuliza vidole.

Kuifunga filamu iwe faili moja kulikwenda vizuri. Wifi aliifunga diski kifuani kwa mbeleko, tukapanda pikipiki mbili, na njia nzima nilimsikia akimkaripia dereva wake apite kwenye mashimo kama mtu aliyebeba mzazi.

Mwenye ukumbi alitupokea mlangoni, saa mkononi. Washonaji walikuwa wamejaza safu ya mbele. Golikipa, na misuko yake mipya, alikaa amebana magoti kama mtu aliyekwenda ukweni. Taa zikazimwa.

Ilipofika penalti, mpira ukapigwa. Kabla picha yake haijaruka, golikipa mwenyewe alisimama gizani akatupa mikono kulia, akamvua jirani kilemba. Safu nzima ikasimama naye.

Mwenye ukumbi aliniinamia, macho hayajatoka kwenye skrini, akaniuliza kwa mnong'ono kama walishinda au walishindwa. Wifi akanikanyaga mguu nisijibu.