Boti Iliyopita Juu ya Fensi

Abdihakim alipoivuta boti yake hadi mbele ya kibanda cha Masila pale Kitengela, watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ulikuwa mwezi wa tisa, mwaka wa 1997, na nchi ilikuwa imekauka hivi kwamba mbuzi walikuwa wakila makaratasi. Maji ya kunywa yalikuja kwa mkokoteni wa punda. Halafu huyu mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kajiado anatokea na boti nyeupe juu ya trela, injini nyuma, eti anaipeleka Naivasha ikabebe watalii, na kabla haijafika huko anataka iwekwe muziki.

"Bosi, umepotea njia ama umepotea akili?" Masila akamuuliza.

"Wewe ni fundi ama ni askari? Weka muziki."

Masila hakuwa fundi wa kubahatisha. Magari mengi yaliyokuwa yakitingisha vioo vya maduka kwenye barabara ya Namanga yalikuwa yamepitia mikononi mwake. Lakini maji mengi zaidi aliyowahi kuyaona maishani yalikuwa ya bwawa la ng'ombe kwao Makueni, na hilo alilivuka kwa miguu.

Abdihakim alikuwa ameshajinunulia amplifaya huko Nairobi. Boksi lake lilikuwa na maandishi ya dhahabu: wati elfu moja. Masila akaitoa, akaipima uzito kwa mkono jinsi mtu anavyopima kuku sokoni, akaigeuza na kuchomoa fyuzi.

"Hii fyuzi ni ya ampea kumi na tano. Betri ni volti kumi na mbili. Zidisha."

"Mimi nauza ng'ombe, sifundishi hesabu."

"Ni mia moja na themanini. Boksi inasema elfu moja, fyuzi inasema mia moja na themanini. Mimi huuliza fyuzi. Boksi iliandikwa na mtu anataka kuuza."

Abdihakim akapiga paja lake. "Wallahi! Kumbe ni ng'ombe amelambishwa chumvi akanyweshwa maji asubuhi ya mnada! Tumbo kubwa, nyama hakuna."

Wakaelewana. Debe tupu haliachi kuvuma, na Masila akarudisha lile debe ndani ya boksi lake la dhahabu. Akachagua nyingine, ndogo, nyeusi, isiyojisifu kwa lolote, lakini nzito kama jiwe la kusagia na yenye fyuzi mbili za ishirini. Akaongeza betri ya pili, moja ya injini na moja ya muziki, ili wimbo usije ukamlaza mtu katikati ya ziwa.

Hadi hapo alikuwa sawa. Kosa lake lilikuja wakati wa kutyuni sauti, na lilikuwa kosa la mtu aliyezoea magari. Alifunga spika kubwa ya besi na kuikoleza hadi mabati ya kibanda yakatetemeka. Wakaivuta boti nje kwenye uwanda, maana boti haina paa wala milango ya kuzuia sauti. Masila akamwomba jirani yake Kuntai, aliyekuwa akipita na ng'ombe wake, aende mbali akiwa ameinua fimbo, na aishushe pale atakapoacha kusikia. Kuntai hakufika hata hatua mia tatu. Fimbo ikashuka.

Masila aliona aibu, nasi tusimfiche. Kuntai akarudi polepole, tabasamu limemjaa usoni.

"Sopa, fundi," akamsalimu Kimaasai. "Hiyo dum-dum yako inakufa hapa hapa, haitoki nyumbani. Mimi nikiita ng'ombe siiti na tumbo. Naita na pua."

Akainua kidevu, akatoa sauti nyembamba, ya juu, wala hakuitilia nguvu. Mbali kabisa, karibu na reli, ng'ombe mmoja aliyeonekana kama punje ya maharagwe akainua kichwa, akageuka, akaanza kuja. Masila alihisi nywele za mikono zikimsimama. Miaka kumi na miwili ya ufundi, na hakuwahi kujua kwamba sauti inaweza kutumwa kama mtu.

Kwa siku tatu alibomoa kazi yake mwenyewe. Akaitoa ile spika kubwa, akafunga honi mbili kama zile za wahubiri wa sokoni, zinazoweza kugeuzwa upande wowote. Kisha akashika geini, kile kitufe kidogo ambacho watu wengi hudhani ni cha kuongeza kelele, kumbe hupima ni kiasi gani cha wimbo kiingie kwenye amplifaya. Alikifungua mpaka kaseti ya kwaya ya kanisa lake ikaanza kukwaruza, akakirudisha nyuma kiasi cha unywele. Safari hii Kuntai alitembea mpaka akawa doa jekundu tu, na fimbo bado iko juu.

Abdihakim alikuwa aondoke wiki iliyofuata, lakini mvua ikamtangulia. Mwanzoni watu walimshukuru Mungu. Kufikia mwezi wa kumi na moja walikuwa wakimwomba apunguze. Barabara zilikatika, boti ikabaki pale pale kando ya kibanda, na mwenyewe akawa anakuja kuitazama jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa.

Asubuhi moja Muthoki, mke wa Masila, alienda na wenzake kumi kung'oa vitunguu kwenye shamba la kukodi karibu na mto, kabla havijaoza. Saa mbili hivi, mwanamume mmoja akaja mbio akitoka bondeni, matope mpaka kifuani. Mto ulikuwa umetoka njia yake. Alisema aliwaona wale wa vitunguu wakikimbilia ule mwinuko mdogo wenye migunga, halafu ukungu ukafunga asiwaone tena.

Masila alifika mwisho wa barabara na kusimama. Uwanda haukuwepo. Pale alipokuwa akiona pundamilia kila siku ya Mungu palikuwa na maji, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakienda upande mmoja bila haraka na bila mwisho, na juu yake ukungu na manyunyu. Hakulia wala hakuomba. Alibaki kinywa wazi, kwa hofu, na pia, Mungu amsamehe, kwa sababu hakuwahi kuona kitu kikubwa namna hiyo.

"Leteni boti!" Abdihakim akapaza sauti nyuma yake.

Abdihakim alishika injini, kwa elimu ya siku tatu aliyopewa Naivasha. Kuntai akakaa mbele, kwa kuwa alijua kila shimo la malisho yale hata likiwa chini ya maji. Masila akakaa kwenye redio, ameifunika kwa karatasi ya nailoni.

"Kushoto kidogo," Kuntai alisema. "Hapa tunapita juu ya fensi ya shamba la Muthama."

Masila akachungulia. Vichwa vya nguzo vilikuwa pale chini ya maji, vimepangwa vizuri, na nyasi zikiyumba kando yake. Akauvuta mkono wake ndani ya boti.

Kupiga mayowe hakukusaidia, ukungu na mngurumo wa mto vilimeza kila kitu. Akawasha kwaya. Kisha hofu ikamshika, akafanya dhambi ambayo angemfukuzia kibarua yeyote. Akafungua geini yote.

"Fundi, hiyo ni wimbo ama ni mabati?" Kuntai akageuka. "Mimi niko hapa na sielewi. Yeye ataelewa?"

Masila akairudisha pale pake. Kwaya ikatoka safi. Haikugonga ukuta, haikurudi. Aliisikia ikiteleza juu ya maji na kuendelea kwenda, sauti ya kwanza, ya pili, kila neno zima, kana kwamba waimbaji wenyewe wanatembea huko mbele kwenye ukungu.

"Sasa zima," Kuntai akasema.

"Nizime?"

"Tukiimba tu, tutasikiaje?"

Hilo ndilo lilikuwa gumu kuliko yote. Alizima, na ukimya ukawa mkubwa kuliko maji. Hakuna kitu. Wakasonga, akawasha, akazima. Hakuna kitu. Mara ya tatu, mbali upande wa kulia, vikaja vigelegele vyembamba vya wanawake, vile vile wanavyoipokea kwaya kanisani.

Waliwakuta kumi na mmoja kwenye kipande cha ardhi kisichozidi jukwaa la kanisa, wamesimama juu ya magunia ya vitunguu. Mama mmoja mzee, Nakhumicha, alikuwa amepiga magoti. Aliposikia kwaya ikitoka kwenye mawingu alijua ni siku ya mwisho, akaungama kuku wa jirani aliyemla mwaka uliopita. Mwenye kuku alikuwa kando yake, na akasema hayo watayaongea wakifika nchi kavu.

"Sita," Abdihakim akatangaza. "Nikibeba zaidi tunazama wote."

"Mama Katee, ingia," Masila alimwambia mkewe.

Muthoki akatazama tumbo la msichana aliyekuwa karibu naye, akamtazama Nakhumicha, akatikisa kichwa. "Beba hawa kwanza."

"Basi mimi nibaki, wewe uende!"

"Na hiyo muziki itashikwa na nani? Nenda, Baba Katee. Lakini usizime. Safari hii usizime."

Kwa hiyo alimwacha. Aligeuza honi zikatazama nyuma, kule alikokuwa mkewe, na boti ikaondoka. Mwinuko ukaingia ukunguni, na yeye akakaa akiwa ameshika kitufe cha sauti kama mtu aliyeshika mkono wa mtu. Walipofika barabarani, wale sita walishuka, Abdihakim akageuza, na Masila akazigeuza honi mbele tena.

Waliporudi, magunia hayakuonekana tena. Watu watano walikuwa wamesimama majini mpaka kiunoni, wameshikana mikono, nyuso zote zimeelekea kule boti ilikotokea. Muthoki aliingia wa mwisho. Meno yalikuwa yakimgongana, na Masila akamvika koti lake lililolowa, lisilo na faida yoyote.

"Sauti ilikuwa inafika?" akamuuliza, kama fundi anayekagua kazi yake.

"Ilifika," Muthoki akasema. "Hawa walianza kulia, wanasema hamtarudi. Nikawaambia nyamazeni nisikize. Nilisikia mkienda, nikasikia mmesimama. Halafu ikapotea kidogo, ikarudi na nguvu. Nikawaambia, sasa amegeuka, anakuja."

Masila akalia wazi, mbele ya watu wote, na Abdihakim akageuza boti kuelekea barabarani.