Petali ya Kulia

Yamunabai alikuwa ameshafunga mizigo yake siku nyingi, lakini hilo hakulijua mtu. Kijiji kizima pale chini ya ngome kilikuwa kimemsikia akiapa, kisimani, arusini, hata matangani, kwamba yeye Mumbai haendi, na kwamba nyumba ya marehemu mumewe ataiaga akiwa amebebwa mabegani mwa watu. Ukishaapa hivyo mbele ya jirani kama Gangu, huna pa kurudia. Angeanzaje leo kumwambia kwamba amechoka kula mkate wa mtama peke yake, akizungumza na paka?

Mwanawe Vilas naye kila alipokuja alimsihi hadharani, tena kwa sauti ya kufika nyumba ya tatu. "Mama, njoo tukae wote. Mimi ni mwana gani, mama yangu aishi hivi?" Majirani walifuta machozi. Yamunabai alitikisa kichwa kukataa, na moyo wake ukapiga kelele kukubali.

Mwishowe likaamuliwa lile linaloamuliwa siku zote: aulizwe Devi Kadjai, mungu wa kike wa kule juu ngomeni. Mtunza hekalu hubandika petali mbili za ua kwenye mabega ya sanamu yake, kisha swali huulizwa. Ikidondoka ya kulia, jibu ni ndiyo. Ya kushoto, hapana. Akishasema Devi hakuna wa kukucheka, na hapo ndipo Yamunabai alipoona upenyo. Alimpelekea Sakharam, mtunza hekalu, tumbaku ya kunukia, akamnong'oneza kwamba ile ya kushoto aigandishe kwa rojo zito la msandali. "Devi mwenyewe anataka hivyo," alimwambia. "Mimi namsaidia tu."

Jumapili wakapanda. Ngome ilikuwa imejaa vijana wa mjini waliokalia mizinga mikuukuu na kupigana picha, wakimsifu kwa sauti mfalme wa zamani ambaye, kama angeyaona makopo yao ndani ya hodhi lake la maji, angewasukuma gengeni mmoja mmoja. Vilas alimshika mama yake mkono kila penye simu ya kupiga picha. Gangu alikuja nyuma akihema. Jambo hili asingelikosa hata kwa homa.

Hekaluni Sakharam alibandika petali zake, akagonga kengele. "Mama Kadjai," akauliza kwa sauti ya kazi, "Yamuna ahamie Mumbai kwa mwanawe?"

Wakangoja. Petali hazikutikisika. Wanawake wakaimba, wakachoka, wakanyamaza. Gangu akapiga chafya ambayo wengine waliona ina makusudi, lakini wapi.

"Devi anafikiri," alisema Sakharam, huku jasho likimtiririka.

Jasho hilo lilikuwa na sababu. Adhuhuri ile ya jua kali, mzee yule alikuwa amevaa sweta. La kijani, lenye kola iliyopinda upande. Yamunabai alilitazama, akaitambua ile kola, kwa sababu aliipinda yeye mwenyewe akilifuma kwa macho yake mabovu, baridi iliyopita, ili Vilas asipate kifua.

Akasogea kama anayetengeneza utambi wa taa. "Sweta zuri, Sakharam. Umelipata wapi?"

"Shemeji, usinitie matatani."

"Nimeuliza sweta tu."

Sakharam akainamisha kichwa. "Vilas alipita kwangu jana. Kaomba ya kulia ndiyo igande, Devi akukatalie. Na wewe ulishaomba ya kushoto. Ningefanyaje, shemeji? Tumbaku nimevuta, sweta nimevaa. Nimegandisha zote mbili."

Iliuma. Iliuma hata akashika ukingo wa jiwe. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amefumba macho na kuunganisha viganja, akiomba kwa bidii ambayo sasa aliielewa. Kwa kitambo alitaka kurudi nyumbani kwa paka wake, asiseme neno. Kisha akafikiria jioni zake zote zilizobaki, na paka.

"Kabla Devi hajajibu," alisema kwa sauti, "acheni nimjaze mapaja, kama inavyompasa."

Hakuna wa kumzuia mjane kumpa Devi nazi, mchele na kitambaa cha blauzi. Akapanda hadi kwenye sanamu, akainama kuviweka mapajani mwake, na wakati wa kuinuka upindo wa sari yake, ambao alikuwa ameushika vizuri sana, ukapita juu ya bega la kulia.

Petali ikaanguka.

Kengele zikalia. Gangu akamkumbatia, akalia, akasema amri ya Devi haina rufani. Vilas alifumbua macho. Uso wake ulitafuta furaha kila mahali, ukaikosa, ukaazima tabasamu. "Mama," alisema, "nimefurahi sana."

"Najua, mwanangu."

Waliposhuka upepo wa gengeni ulikuwa umeanza kuvuma, na Vilas alitembea amejikunyata ndani ya shati lake jepesi.

"Sweta lako liko wapi?" mama yake akamuuliza.

"Nimelisahau Mumbai, mama."

"Usijali," alisema Yamunabai, akamshika mkono, ijapokuwa hapakuwa na mtu wa kupiga picha. "Nitakufumia jingine. Nitakuwa hapo hapo, na muda ninao."