Mbuzi Wawili wa Kupona

Mwaka 1992, mtaa mzima wa Biryogo ulijua kwamba fundi cherehani Twahiru amepona saratani ya damu, maana alimtangazia kila mteja kabla hata hajampima kiuno. Karatasi ya hospitali, iliyosema hesabu ya damu imekaa sawa, aliibandika ukutani. Mkewe Mutoni alifurahi hadi akalia, kisha akauliza vidonge vilivyobaki vitamezwa saa ngapi.

Swali hilo lilimuudhi Twahiru. Kesho yake anachinja mbuzi wawili wa shukrani, masheikh wamealikwa, wakwe wanatoka Gitega. Mtu anasomewaje dua ya kupona huku ana vidonge mfukoni? Huko ni kumtilia Mungu shaka mbele ya wageni. Mutoni akamkumbusha kuwa daktari Eustache alimkataza kuacha dawa bila ruhusa. Twahiru akasema madaktari nao wanapenda wateja wa kudumu, na hilo fundi cherehani analijua vizuri. Pilau ilipokwisha, vidonge akavitoa sadaka kwa jirani Bizimana, mgonjwa wa mgongo. Bizimana alimeza viwili, akatapika siku nzima, akaisifu dawa kuwa ina nguvu.

Baada ya miezi saba jasho la usiku lilirudi, na fizi zikaanza kutoka damu. Suruali alizojishonea mwenyewe zikawa zinamvuka. Eustache alimrudishia vidonge vilevile. Wiki tano zikapita, hesabu ya chembe nyeupe za damu haikushuka.

"Wewe iko fundi," daktari alimwambia, Mutoni akisikiliza. "Nguo ya chawa ukipiga pasi, wa juu wanakufa. Wa ndani ya mishono wanabaki. Ugonjwa yako ilibaki ndani ya mifupa, ile kidogo dawa ilishindwa kuua. Sasa imezaa, na watoto yote iko kama mama yao."

Akaongeza kwamba huenda ugonjwa ungerudi hata kama Twahiru angemeza dawa kila siku, ila kwa kuziacha aliupa miezi saba ya bure.

Mutoni alishikwa na hasira, asijue amkasirikie nani: mume, masheikh, au yeye mwenyewe aliyeipika ile pilau.

Nyumbani Twahiru alijilaza mkekani, akatafakari. Mbuzi wawili walikuwa wachache, alisema. Safari hii achinjwe ng'ombe.

"Mama Shami, anza kualika watu mapema."

Mutoni alimfunika miguu, iliyokuwa ya baridi.

"Hawatangoja mwaliko, Baba Shami," alisema. "Safari hii watakuja wenyewe."